Kwa nini umepangwa kundi la nyuma? Namba za mbio za baiskeli na maana yake

Kijana mmoja tunayeendesha naye baiskeli kila Jumamosi hapa Arusha alinionyesha ujumbe kwenye simu yake. Alikuwa amejiandikisha kwenye mbio za ridhaa nje ya nchi, amelipa ada, ametuma na muda wake wa mbio za kilomita 100 alizomaliza nyumbani: saa 3 na dakika 10. Majibu yakaja kwamba ataanza na kundi la mwisho kabisa. Wakati huohuo anamfahamu mtu aliyemaliza umbali kama huo kwa saa 3 na dakika 25, na huyo amepewa nafasi karibu na mbele. "Kaka, hawa watu wanaangalia nini? Pasipoti?"

Swali hilo nimelisikia kwa wengi. Tangu Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali, kwa mara ya kwanza kwenye ardhi ya Afrika, vijiwe vyetu vimejaa mazungumzo ya madaraja ya milima, asilimia za mwinuko na makundi ya kuanzia. Shida ni kwamba mambo yanachanganywa. Mtu anachukua namba ya mlima, anaitumia kupima mbio nzima, halafu anamalizia kwa kumpima mwenzake nayo. Hivyo ni vitu vitatu, na kila kimoja kina hesabu yake.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Mbio za ridhaa ni zile za watu wasiolipwa kuendesha: walimu, mafundi, wauguzi, wanafunzi, wanaoamka alfajiri kufanya mazoezi kisha wanakwenda kazini. Kupanga makundi ni kazi ya waandaaji kuwagawa washiriki kabla ya siku ya mbio, ili wenye kasi inayolingana waondoke pamoja. Fahirisi ni namba moja ambayo mshiriki anapewa kutokana na matokeo yake ya nyuma, na ndiyo inayotazamwa wakati wa kumpangia kundi. Na alama ya ugumu ni namba inayopewa mlima au mbio zenyewe. Hii ya mwisho ndiyo inayowapoteza watu, maana neno ni moja lakini linasimamia vitu viwili visivyofanana.

Namba ya mlima

Tuanze na rahisi. Ukisikia mwinuko wa asilimia 7, maana yake ni kwamba ukisonga mbele mita 100 utakuwa umepanda mita 7. Basi.

Kwenye Tour de France, zile mbio kubwa za Ufaransa, milima imegawanywa kwa madaraja. Daraja la nne ndilo jepesi, la kwanza ni zito, na juu yake kuna milima iliyowekwa nje ya madaraja kabisa, mpango ulioanza mwaka 1979. Hakuna kanuni moja ya hisabati inayoamua. Waandaaji wanatazama urefu wa mlima, ukali wake, na umewekwa wapi katika siku, kwa sababu kilima kidogo baada ya kilomita 180 si kilima kidogo tena. Ndiyo maana mlima uleule unaweza kuwa daraja la pili mwaka huu na daraja la kwanza mwaka mwingine. Ipo simulizi maarufu kwamba madaraja yalipangwa kwa kutazama gari dogo la Citroën 2CV lilipanda kwa gia ya ngapi. Ni simulizi tamu, lakini tusiitumie kumfundisha mtu.

Sisi wa ridhaa madaraja tunayoyaona kila siku ni ya kwenye simu, kupitia programu ya Strava, na yale yana kanuni iliyo wazi. Unachukua urefu wa mpando kwa mita, unazidisha kwa asilimia ya mwinuko. Ukipata zaidi ya 8,000 ni daraja la nne, 16,000 la tatu, 32,000 la pili, 64,000 la kwanza, na 80,000 ni nje ya madaraja. Mwinuko wa chini ya asilimia 3 hauhesabiwi.

Tuichukue kanuni hiyo tuipeleke Kigali. Mlima Kigali una kilomita 5.9 zenye mwinuko wa wastani wa asilimia 6.9. Zidisha 5,900 kwa 6.9 upate 40,710, yaani daraja la pili. Kimihurura, ule mpando wa mawe uliokuwa ukirudiwa kila mzunguko, una kilomita 1.3 kwa asilimia 6.3, sawa na 8,190, umeingia daraja la nne kwa kupenya tu. Na ule Ukuta wa Kigali, mita 400 za mawe kwa asilimia 11? Ni 4,400, haujafika popote. Kwa kanuni ya simu, ukuta ule si mlima.

Ukiichunguza hesabu utaona sababu. Urefu ukizidishwa kwa asilimia, kisha ukagawanya kwa 100, unapata kimo ulichopanda. Mlima Kigali ni mita 407 za kwenda juu, Ukuta ni mita 44. Kwa hiyo daraja la Strava linapima kimo tu, na ukali wenyewe haumo. Ni kama kusema aliyepandisha ndoo ya maji ghorofa ya tatu kwa ngazi na aliyeipandisha kwa njia ya mzunguko iliyolala wamefanya kazi ileile. Kimo ni kilekile kweli, lakini waulize magoti.

Sasa mbio nzima. Wanaume wa daraja la juu pale Kigali waliendesha kilomita 267.5, na ukijumlisha mipando yote wakapanda mita 5,475. Kilimanjaro ina mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Tadej Pogačar alishinda, na kati ya zaidi ya watu 160 walioanza, waliofika mwisho ni 30 tu. Mbio za Milano-Sanremo za Italia ni ndefu kuliko hizo, hukaribia kilomita 300, lakini wanaomaliza kwa kawaida hupita mia moja. Urefu peke yake hauelezi ugumu. Na shikilia hilo la watu 30, tutalirudia.

Tunaingia Cape Town

Ukitaka kuelewa upangaji wa makundi ya ridhaa, nenda Afrika Kusini. Mwaka 1977 waendesha baiskeli wa Cape Town waliandamana kwa baiskeli wakidai njia zao barabarani. Mwaka uliofuata, Oktoba 1978, madai hayo yakazaa mbio, wakajiandikisha watu 525. Leo Cape Town Cycle Tour ni kilomita 109 kuzunguka rasi: unatoka mjini, unapita Muizenberg na Simon's Town, unazunguka kurudi Noordhoek, unapanda Chapman's Peak ukitazama bahari, unashuka Hout Bay, na hapo unakutana na Suikerbossie, mpando unaowakamua watu wakiwa wamebakiza kidogo kufika. Kwa miaka mingi nafasi zimekuwa kama 35,000.

Tafakari hiyo namba. Watu 35,000 hawawezi kuondoka pamoja. Anayetumia saa 2 na dakika 40 anakwenda karibu kilomita 41 kwa saa. Anayetumia saa 5 anakwenda kama 22. Wakikutana kwenye kona ya mteremko, wa nyuma anamkaribia wa mbele kwa zaidi ya mita 5 kila sekunde. Nimewahi kuwa ndani ya kundi lililopangwa hovyo, mbio ambazo kila mtu alisimama alipotaka. Tairi la mbele la mwenzangu lilipangusa tairi la nyuma la mama mmoja aliyekuwa akiendesha taratibu kwa mstari wake, bila kosa lolote. Ulikuwa mguso mdogo, kama kidole kwenye meza. Walianguka tisa. Mlio ule wa vyuma vikisugua lami bado ninao masikioni, na ndio unaonifanya nisivumilie mtu anayesema kupanga makundi ni ubaguzi.

Kwa hiyo makundi huachiwa kwa kupishana dakika chache, ya kasi yakitangulia, ili watu wasipitane ovyo. Ndiyo sababu ya kwanza ya mfumo mzima: usalama. Heshima ya kuanza mbele ilikuja baadaye, sisi wenyewe tukaiongeza.

Mshindi ndiye rula

Sasa utamjuaje mwenye kasi? Muda mtupu haufai, kwa sababu njia hazifanani wala siku hazifanani. Machi 2015 moto wa nyika uliwalazimisha waandaaji wa Cape Town kukata njia ibaki kilomita 47. Machi 2017 upepo wa kusini-mashariki, ule wenyeji wanaouita Daktari wa Cape, uliwaangusha watu na baiskeli zao hadi mbio zikafutwa. Utalinganishaje dakika za mwaka wa upepo na za mwaka wa utulivu?

Dawa yake ni kumlinganisha kila mtu na mshindi wa siku ileile. Naye alipigwa na upepo uleule, akapanda kilima kilekile. Chukua muda wako, toa wa mshindi, gawanya kwa muda wa mshindi, zidisha kwa mia. Mshindi katumia dakika 160, wewe 200. Tofauti ni 40, na 40 kwa 160 ni asilimia 25. Hiyo ndiyo fahirisi yako ghafi: 25. Mwezi unaofuata unakwenda kwenye mbio za milima, unatumia dakika 225, unarudi nyumbani umenuna. Lakini mshindi alitumia 180. Tofauti ya 45 kwa 180 ni 25 vilevile. Hujashuka hata kidogo.

Kumbuka hapa namba ndogo ndiyo nzuri, na mshindi ana sifuri. Kwa waliosoma Tanzania hili si geni: kwenye matokeo ya kidato cha nne mwenye pointi 7 ndiye aliyefanya vizuri kupita wote, na kadiri pointi zinavyoongezeka ndivyo daraja linavyoshuka. Lakini usilipeleke kwenye milima, huko daraja la kwanza ni mzigo. Na usichanganye na utaratibu kama wa Uingereza, ambako mwendeshaji naye ana daraja: anaanza la nne, akikusanya pointi 12 kwa nafasi anazomaliza anapanda la tatu, akifikisha 40 anaingia la pili. Ule unahesabu ulikuwa wa ngapi. Huu wa fahirisi unahesabu ulikuwa nyuma kiasi gani. Mtu anaweza kuwa wa 300 akiwa na fahirisi nzuri sana.

Mawe ya mizani

Kama mfumo ungeishia hapo, ungeharibika ndani ya mwezi. Chukua zile mbio za kwanza, wewe ukiwa na dakika 200. Tuseme siku hiyo wakali wote wamekwenda kwingine, na mshindi ni jamaa wa kawaida aliyetumia dakika 175. Sasa tofauti yako ni 25 kwa 175, fahirisi 14. Umeruka kutoka 25 hadi 14 kwa miguu ileile. Wajanja wangegundua haraka kwamba njia ya kupanda ni kwenda kwenye mbio dhaifu.

Fikiria mizani ya sokoni. Unamshuku muuza nyama kwamba mizani yake inapunja. Hubishani naye. Unaleta jiwe la kilo moja lililokaguliwa, unaliweka. Likisoma kilo moja na robo, umejua mizani inaongeza robo, na utaitoa kila unapopima.

Kwenye mbio, mawe ni washiriki ambao fahirisi zao zinafahamika kutoka mbio nyingine. Wako hamsini, na wastani wao umekuwa 30 msimu mzima. Kwenye mbio za leo hao hamsini wametoka na wastani wa 20. Hawajawa hodari kwa usiku mmoja. Mizani ya leo ndiyo nyepesi, basi matokeo ya kila mtu yanarekebishwa kurudi juu. Muda wa mshindi unaotumika kwenye hesabu unaweza usiwe ule aliotumia kweli, ukawa ule ambao mmoja wa wale wakali angetumia kama angekuwepo, uliokadiriwa kutokana na hayo mawe. Kila mwandaaji ana kanuni yake ya ndani, lakini wazo ni hilo.

Hapa ndipo alama ya ugumu ya mbio inapoingia, na hapa ndipo kiini cha makala hii. Watu wanadhani alama hiyo inapima jinsi mbio zinavyouma. Hapana. Inapima jinsi mbio zinavyotawanya watu.

Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Bert Blocken walipima, kwa kompyuta na kwa sanamu ndogo kwenye handaki la upepo, kundi la waendeshaji 121 wakiwa wamebanana. Waliokuwa katikati na nyuma ya kundi walikumbana na ukinzani wa hewa wa asilimia 5 hadi 10 tu ya ule anaoupata mtu aliye peke yake kwa kasi ileile. Ni tofauti kubwa mno. Maana yake kwenye njia tambarare mtu wa wastani akishikilia tairi la mbele yake anaweza kufika na wakali. Mshindi dakika 150, yeye 153, fahirisi 2! Namba hiyo imetokana zaidi na kivuli cha upepo alichojibanza kuliko na miguu yake. Mpeleke Suikerbossie, au barabara ya kona kutoka Mombo kwenda Lushoto, ambako kasi inashuka na hewa haimsaidii mtu tena, utaona kundi linavyokatika vipandevipande.

Kwa hiyo mbio tambarare zinabana matokeo, za milima zinayatanua. Mkokotoaji anayatanua yale yaliyobanwa ili yaweze kukaa kwenye rula moja na mengine. Mbio zenye kilomita chache na vilima vikali vitatu zinaweza kupewa alama kubwa kuliko mbio ndefu za tambarare zilizokutoa jasho siku nzima. Mwendeshaji analalamika kwamba wamedharau mateso yake. Hawakuyapima kabisa. Kigali ilimaliza na watu 30 kwa sababu njia ile haikumruhusu mtu kujificha, na hicho ndicho alama ya namna hii ingekipa uzito.

Mfumo una kasoro, nami siifichi. Anayeanza na kundi la kasi anavutwa na kundi la kasi, anapata muda mzuri, anarudi tena kundi la kasi. Anayeanza nyuma anakuta watu wametawanyika, hana wa kujificha nyuma yake, anapoteza nguvu akiwapita watu kulia. Cape Town kuna na upepo: mara nyingi unazidi kadiri jua linavyopanda, kwa hiyo wa makundi ya mwisho hawakutani na siku ileile aliyoikuta mshindi wa alfajiri. Fahirisi inadhani wote walikuwa na siku moja. Kuna marekebisho yanayojaribiwa, kama kutazama jinsi kila kundi lilivyofanya ukilinganisha na ilivyotarajiwa, lakini pengo haliishi lote. Naona ni haki kulisema waziwazi, hasa kwa ndugu zetu wanaotoka mbali. Anayepanda kutoka bonde la Kerio hadi Iten, huko Kenya, kila wiki anaweza kuwa na miguu kuliko nusu ya walio mbele yake, na bado akaanzia mwisho kwa sababu mbio zake za nyumbani hazina jiwe hata moja linalofahamika huko aendako.

Kuna mengine yanayosemwa ambayo si kweli kabisa. Kwamba ukianza nyuma umeshapoteza dakika ambazo kundi la kwanza limekutangulia: hapana, kwenye mbio za namna hii muda wako unahesabiwa kuanzia chipu yako, kile kifaa kidogo cha kupimia muda, inapovuka mstari wa kuanzia. Wanaoshindania ushindi wenyewe tu ndio wanaohesabiwa nani amevuka wa kwanza. Kwamba baiskeli ya bei inakusogeza mbele: mpangaji haioni, anaona namba. Kwamba fahirisi ukishaipata ni yako milele: matokeo yanazeeka, na kadiri yanavyozeeka ndivyo yanavyopunguziwa uzito, kisha yanaondolewa. Mwili wa miaka mitatu iliyopita hauko nawe kwenye mstari.

Nikamrudia yule kijana. Mshindi wa mbio zake za nyumbani alitumia saa 2 na dakika 50, yaani dakika 170. Yeye 190. Fahirisi ghafi ni karibu 12. Jamaa wa saa 3 na dakika 25, kwenye mbio ambazo mshindi alitumia dakika 155, ni 32. Kwa karatasi yetu kijana anamwacha mbali. Lakini kwenye mbio za jamaa walikuwepo mamia ya watu wenye fahirisi zinazofahamika. Kwenye za kijana hakuwepo hata mmoja. Namba yake ya 12 ni kilo iliyosomwa kwenye mizani ambayo hakuna aliyeikagua.

Alikaa kimya kidogo, akaniuliza afanye nini. Nikamwambia aende akaanze hukohuko nyuma, achague watu wanne au watano wenye kasi yake wapokezane kuvuta, kila mmoja dakika moja mbele, apite upande wa kulia na apaze sauti kabla ya kupita, asimkaribie mtu kwenye kona. Akimaliza salama atakuwa na matokeo yenye mawe ndani yake. Akaandika "kulia, paza sauti" kwenye kipande cha plasta, akakibandika kwenye bomba la juu la baiskeli yake, chini kidogo ya usukani.